Neno "Watch" Lilianza kwa Kukosa Usingizi

Anayejifunza Kiingereza hapa kambini hupewa mapema maneno matatu ya kutumia macho. "See" ni kuona, kitu kinakujia hata kama hukukitafuta. "Look" ni kutazama, unageuza macho kwa kusudi. "Watch" ni kuangalia kwa muda kitu kinachosogea au kubadilika: mpira, filamu, mtoto anayecheza karibu na moto. Ukijibu hivyo kwenye mtihani unapata alama zako, na mwalimu hajakudanganya. Lakini hilo la tatu lina historia ambayo darasani hatuifikii. Nadhani sisi wa kambini tuna sababu ya kuijua kuliko watu wengine, maana neno lenyewe tunakutana nalo kila upande: kwa walinzi, kwenye ripoti za haki za binadamu, na midomoni mwa wageni wanaotuambia kwamba hali yetu inaangaliwa kwa karibu.

"Watch" halikuanza machoni. Katika Kiingereza cha kale, kile cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lilikuwa "wæccan", na maana yake ilikuwa kutolala. "Wake", yaani kuamka, ni ndugu yake wa tumbo moja. Aliyekaa na mgonjwa mpaka alfajiri, mtawa aliyesali usiku kucha, mchungaji aliyebaki na kondoo gizani, wote walikuwa wanafanya kazi ya neno hilo, hata kama mmoja wao alisali amefumba macho. Waayalandi mpaka leo wanaita "wake" ule usiku wa kukaa na maiti nyumbani kabla ya mazishi. Sisi hapo hatuhitaji kufafanuliwa.

Tuliosoma Kongo au Burundi tuna njia nyingine ya kulifikia, kwa Kifaransa. Kilatini kilikuwa na "vigil", mtu aliye macho, neno lenye mzizi mmoja wa kale na "wake" na "watch". Kutoka huko Kifaransa kikapata "veiller", kukesha, na "veillée", mkesha. Na Kiswahili? Angalia tunavyosema: "yuko macho", maana yake hajalala. Kiingereza kilitoka kwenye kukosa usingizi kikaenda machoni. Sisi tulitoka machoni tukaenda kwenye kukosa usingizi. Tumepishana njiani.

Waliotafsiri Biblia walilijua hilo. Pale bustani ya Gethsemane, ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia "watch", Kiswahili kinasema kukesha. Hawakuandika kutazama. Wale wanafunzi hawakuwa na kitu cha kutazama. Tatizo lao lilikuwa kwamba walilala.

Sasa, kuna kipindi wezi walikuwa wanavunja nyumba usiku upande wetu, tukaitwa mkutanoni. Mgeni kutoka ofisi mojawapo alieleza kwa Kiingereza kwamba wao wapo, na akatumia hilo hilo neno "watch". Mkalimani, kijana mwenye haraka, akatuambia: "Wanasema wanatazama." Mzee mmoja nyuma akajibu kwa sauti, "Kutazama hata mbuzi anatazama." Watu wakaangua kicheko, mgeni naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Kicheko kilipoisha mzee akauliza swali lake: usiku wa leo nani hatalala? Halikujibiwa. Lakini kwa historia ya neno lenyewe, yule mzee asiyejua Kiingereza ndiye aliyeuliza jambo ambalo neno lile lilikuwa linaahidi.

Uingereza ahadi hiyo iliwahi kuandikwa kuwa sheria. Mwaka 1285 mfalme Edward wa Kwanza alitoa sheria iliyoitwa kwa jina la mji wa Winchester. Malango ya miji yenye kuta yafungwe jua likizama, yafunguliwe jua likichomoza. Na tangu sikukuu ya Kupaa kwa Bwana mpaka ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, watu wakeshe: kwenye mji mkubwa watu 6 katika kila lango, kwenye mji mdogo watu 12, vijijini 6 au 4 kufuatana na idadi ya wakazi. Hawakuwa polisi, maana polisi hawakuwepo. Walikuwa wenyeji wenyewe, kila mmoja na zamu yake. Ulinzi wa mchana uliitwa "ward", wa usiku ndio "watch". Sheria hiyo hiyo iliamuru vichaka vikatwe futi 200 kila upande wa barabara kuu, ili mwenye nia mbaya asipate pa kujificha. Akina mama wanaofuata kuni watamwelewa huyo mfalme haraka kuliko wanahistoria.

Ila kuna kifungu ambacho nilikisoma mara mbili. Mgeni akipita usiku mbele ya wakeshaji, akamatwe na kuwekwa mpaka asubuhi. Asipoonekana na shaka yoyote, aachwe aende zake. Tena mgeni asilale pembezoni mwa mji bila mwenyeji wa kumjibia.

Soma polepole. Tangu mwanzo kabisa neno hili limebeba mizigo miwili kwa mkono mmoja. Kwa aliye ndani ya lango, "watch" ni jirani ambaye hakulala ili wewe ulale. Kwa anayekuja njiani usiku, akiwa na mtoto mgongoni na godoro kichwani, "watch" ni mtu anayesema: wewe ni nani, subiri kuche. Sisi wengi tumekuwa pande zote mbili, wengine ndani ya mwezi mmoja.

Wakeshaji hao hawakuwa hodari siku zote. Shakespeare aliwachekesha watu nao katika mchezo wake wa "Much Ado About Nothing": walinzi wazembe, mkuu wao anavuruga maneno, na bado ndio wanaowakamata waovu. Mwaka 1829 Robert Peel aliunda polisi wa London, na walinzi wa zamani wa mitaa wakaondoka pole pole.

Neno lilikuwa limeshapanda meli. Huko "watch" ni zamu: kwa kawaida saa 4, kengele ikigongwa kila nusu saa, kundi moja la mabaharia likilala na lingine likiwa juu. Hata Biblia ya Kiswahili inaugawa usiku kwa zamu pale Kiingereza kinaposema "watch". Na hapa ndugu zetu Warundi wana la kutufundisha, maana kwao zamu si kipindi tu, ni mtu. "Zamu yuko getini" ni mlinzi yuko getini. Kiingereza nacho kilifanya vile vile, kikaita lile kundi la walinzi "the watch", kwa jina la kazi yao ya kutolala. Kenya wamekata kipande wakabaki na "wochi". Huku Tanzania makambini tuna sungusungu, jina lililotoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, waliojipanga mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe. Sungusungu ni wale siafu weusi wanaouma. Mwingereza alimtaja mlinzi kwa usingizi anaoukosa, Msukuma kwa maumivu anayompa mwizi. Mimi ningekuwa mwizi, ningemwogopa Msukuma.

Ile "watch" ya mkononi, yaani saa, ni mtoto wa neno lile lile. Zamani jina hilo lilihusu chombo cha kuamsha waliolala, baadaye likahamia kwenye saa ndogo ya kubebwa.

Na macho? Yaliingia taratibu. Anayekesha langoni hakeshi kwa ajili ya kukesha, anakesha ili aone anayekuja. Kufikia mwisho wa zama za kati lengo limeshaimeza kazi, na "watch" linaweza kumaanisha kufuatilia kitu kwa macho, hata mchana, hata bila hatari. Mwaka 1901 Edmund Selous alichapa kitabu kiitwacho "Bird Watching", cha watu wanaokaa porini kuangalia ndege wala hawawali. Kisha ikaja televisheni. Leo mtu anasinzia mbele ya skrini, kichwa kimeanguka kifuani, na Kiingereza bado kinasema anai-"watch".

Upande wa Kifaransa ulienda njia kali zaidi. Ukiweka "sur", juu ya, mbele ya "veiller", unapata "surveiller": kukesha juu ya mtu. Tarehe 21 Machi 1793, katikati ya mapinduzi, Ufaransa iliamuru kila mji uwe na kamati ya "surveillance", watu 12. Kazi yao ya kwanza ilikuwa nini? Kuandikisha wageni: nani ametoka wapi, amefika lini, anaishi kwa njia gani. Miezi michache baadaye, Septemba, ikatoka sheria ya washukiwa, na kamati zile zikawa zinakamata hata wenyeji. Kiingereza kililichukua neno hilo mwanzoni mwa karne ya 19 na hakikulitafsiri. Kilikuwa na "watch" yake tayari, lakini nadhani kilihisi kwamba hili ni jambo lingine. Ukikesha na mgonjwa, uko kando yake. Ukikesha juu ya mtu, uko juu.

Kwetu Kongo neno la Kiingereza lilifika kwa mlango wa dini, tena nusu yake ikapotea. Charles Taze Russell alianzisha Marekani mwaka 1879 jarida lenye jina la "Watch Tower", mnara wa mlinzi. Mafundisho yake yalifika Nyasaland, Malawi ya leo, ambako Elliot Kamwana aliyahubiri kwa nguvu mwaka 1908 na 1909. Kisha yakapanda na wafanyakazi wa migodi mpaka Katanga. Njiani "tower" likasikika kama "tawala", likapewa "ki", na hapo tukapata Kitawala. Si Mashahidi wa Yehova wa leo, tusichanganye. Kitawala kilihubiri kwamba utawala wa Wazungu utakwisha, Wabelgiji wakakipiga marufuku, wakawapeleka wafuasi wake mbali na makwao chini ya ulinzi. Mwaka 1944, Lobutu na Masisi, watu wa Bushiri Lungundo waliasi na kukandamizwa kwa damu. Wenzangu wa Masisi wanajua kwamba huko habari za kukimbia hazikuanza juzi. Mlinzi wa mnara alipotea kwenye jina, na serikali ndiyo ikabaki inawalinda wao, kwa maana ile ya "sur".

Si kila mtu aliyelishika neno hili amelishika kwa ubaya. Mwaka 1978 Marekani lilianzishwa kundi la Helsinki Watch, kuona kama serikali za Ulaya ya Mashariki zinatimiza walichosaini kuhusu haki za watu. Likaja kuwa Human Rights Watch mwaka 1988. Safari hii raia wanakesha juu ya serikali.

Jirani yangu wa zamani, aliyepata safari ya Marekani, alialikwa na kanisa la Wamarekani weusi kwenye "Watch Night", tarehe 31 Desemba. Akachukua miwani yake, akidhani ni filamu. Kumbe ni mkesha, kama wetu wa mwaka mpya. Wamethodisti walikuwa nao tangu karne ya 18, lakini kwa watu weusi una tarehe yake: usiku wa 31 Desemba 1862. Abraham Lincoln alikuwa ameahidi kwamba kesho yake watumwa wa majimbo yaliyoasi watatangazwa huru, na watu walikaa makanisani usiku kucha. Hapakuwa na cha kutazama. Ile karatasi ilikuwa Washington na bado haijasainiwa. Lincoln aliisaini mchana wa tarehe 1 Januari, baada ya kupeana mikono na wageni wa mwaka mpya kwa saa nyingi. Huko Boston, Frederick Douglass na umati waliokusanyika walisubiri siku ile nzima. Usiku ukaingia tena, wengine wakaanza kusema labda amebadili mawazo. Walikuwa wamepanga watu kutoka ofisi ya telegrafu mpaka jukwaani ili habari isichelewe hata dakika moja. Ilifika usiku umekwenda sana, na walikuwa bado macho.