Kibaba cha Maji na Wembe wa Ijumaa

 

Ndugu Waislamu, mlio majumbani na mlio madarasani, leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni maji ayatumiayo mwanamume anaponyoa asubuhi ya Ijumaa. Hatuingii katika mas-ala ya ndevu, ambayo wanavyuoni wameyaeleza kwa urefu mahali pake. Swali letu ni moja tu: tangu lini tumezoea kusimama mbele ya sinki, bomba liko wazi na maji yanatiririka, hali mkono umeshika wembe na macho yanatazama kioo? Desturi hii si ya wazee wetu. Imeingia kwa njia inayojulikana, na njia hiyo ndiyo tutakayoifuata.

Wembe si mgeni katika nyumba ya Kiislamu. Mtume (S.A.W.) ameyataja mambo matano ya maumbile, nayo ni kutahiri, kunyoa nywele za siri, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyonyoa kwapa, na Anas bin Malik amepokea kwamba mambo hayo, ila kutahiri, yasiachwe kupita siku 40. Mtoto hunyolewa siku ya saba, na haji hunyolewa Mina. Lakini tazameni vyombo alivyokuwa navyo kinyozi wa zamani: wembe, kipande cha sabuni, kitambaa, na bakuli la maji. Aliuchovya wembe, akaupangusa kwenye kitambaa, akaendelea. Bakuli moja lilitosha kichwa kizima, na mara nyingine vichwa viwili.

Kipimo hicho kilikuwa na asili yake. Yule yule Anas amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa swaa moja mpaka mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri, na wapimaji wa siku hizi wengi huikadiria kati ya nusu lita na robo tatu ya lita. Wazee wetu wa pwani hawakuwa na haja ya hesabu hiyo, kwani walikuwa na kibaba na pishi, na pishi ni vibaba vinne kama vile swaa ilivyo mudi nne. Kwa lugha ya sokoni, basi, Mtume alitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi. Imepokewa pia kwamba mtu mmoja alimwambia Jabir bin Abdillah kuwa pishi ya maji haimtoshi kuogea. Jabir akamjibu kwamba ilimtosha aliyekuwa na nywele nyingi kuliko yeye, naye ni mbora kuliko yeye. Twaipenda hadithi hii kwa sababu yule mtu alitoa hoja ile ile tunayoitoa sisi: mimi nahitaji zaidi.

Huenda msikilizaji wa Ujiji au Kigoma akasema: hayo ni mambo ya Madina, nchi kavu, sisi Mungu ametupa ziwa. Na kweli ametupa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina cha mita 1,470, na hakuna ziwa lenye kina zaidi yake duniani ila Baikal. Karibu sehemu moja kwa sita ya maji baridi yote ya juu ya ardhi, yasiyo barafu, imo humo. Jawabu la hoja hii limo katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, ya Mtume (S.A.W.) kumpitia Saad akitawadha na kumkataza israfu. Saad alipouliza kama katika udhu pia kuna israfu, akaambiwa kwamba ipo, hata kama yuko kando ya mto unaotiririka. Wanavyuoni wamesema juu ya udhaifu wa isnadi yake, nasi hatuufichi. Hata hivyo maana yake inaafikiana na kibaba cha Anas, ambacho hakuna anayekitilia shaka.

Na ziwa lenyewe lina habari zake. Mwaka 1874 Cameron aliufikia mto Lukuga, ulio upande wa magharibi, ambao ndio mlango wa pekee wa kutokea maji ya ziwa hili. Stanley alipozunguka ziwa mwaka 1876 aliukuta mlango huo umezibwa na mchanga na matete, na maji ya ziwa yalikuwa yakipanda. Miaka michache tu baadaye kizuizi kikabomoka. Mmisionari Hore, aliyekuwa akikaa Ujiji, alikwenda Lukuga mwaka 1879 akayaona maji yanatoka kwa nguvu. Kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita 10. Ndiyo sababu mgeni anayekwenda Ujiji kutazama mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 hustaajabu kuona ufuko uko mbali. Kisha katika mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa likapanda likaingia katika nyumba na masoko ya watu wa mwambao. Waliokaa kando ya maji hayo karne nzima hawakupewa ahadi kwamba yatasimama mahali pamoja. Tena, maji mengi ya ziwa hili huondoka kwa kukaushwa na jua, si kwa kutoka Lukuga, na jua haliondoi uchafu. Kitakachoingia humo leo, ikiwa ni pamoja na povu la sabuni zetu, kitakaa karne nyingi.

Lakini maji ya ziwani hayakuwahi kuwa maji ya nyumbani mpaka mtu ayabebe. Hapa hapana budi tuseme jambo ambalo waandishi wetu hupenda kulipita haraka. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora mpaka Ujiji ilileta dini, lugha, nguo na mahodhi ya kutawadhia. Ilipeleka pwani pembe za ndovu na watu. Katika nyumba za matajiri wa Ujiji wa karne iliyopita ile, maji ya udhu, ya kupikia na ya kinyozi yalitekwa na watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukafutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Sheria hiyo ilimwondolea mtumwa mtungi kichwani. Mtungi wenyewe ukahamia kichwa kingine, aghalabu cha mke na cha binti.

Twendeni sasa Kalinzi. Ni nchi ya kahawa, katika milima iliyo kaskazini ya mji wa Kigoma, njia ya kuelekea Manyovu, mamia ya mita juu ya usawa wa ziwa. Mwenyeji wa huko anajua kwamba utajiri wote ule wa maji ulio chini haumfai kwa kikombe kimoja cha chai. Yeye hutegemea mvua, chemchemi na vijito vya mabondeni. Na kahawa nayo yadai maji yake ya kuoshea. Kwa desturi ya milima, nyumba hukaa juu na maji hukaa chini, basi mtu hushuka mtupu na kupanda na mzigo. Nyumba ya namna hiyo haihitaji kuhubiriwa juu ya kibaba, kwa kuwa inakipima shingoni.

Mabomba ya ndani yalianza, katika miji ya Tanganyika, katika nyumba za serikali na za Wazungu. Mitaa ya Waafrika ilipobahatika ilipata bomba la mtaa, na maji yakahesabiwa kwa debe. Wakati huo huo wembe nao ulikuwa ukibadilika. Mwaka 1903 Mmarekani King Camp Gillette alianza kuuza wembe mwembamba wa kufungwa katika mpini, ambao mtu angeweza kujinyolea mwenyewe bila kinyozi. Hivyo kunyoa kukatoka chini ya mti kukaingia bafuni, na bakuli likabaki nje. Hatusemi kwamba wembe huo ulikuwa mbaya. Twasema kwamba kinyozi aliyekuwa akiyatazama maji yake hakuwapo tena.

Katika miaka ya 1966 hadi 1968 watafiti Gilbert White, David Bradley na Anne White walipima maji yaliyotumiwa majumbani katika Kenya, Uganda na Tanzania, na kitabu chao kikatoka mwaka 1972. Waligundua kwamba mtu wa nyumba yenye bomba alitumia takriban lita 128 kwa siku, na yule wa nyumba isiyo na bomba takriban lita 11. Wenzao waliporudi mahali pale pale mwishoni mwa miaka ya 1990, wenye mabomba walikuwa wameshuka mpaka lita 66 hivi, wala si kwa uchaji, bali kwa sababu mabomba yalikuwa yakikauka. Serikali yetu ilikuwa imepanga mwaka 1971 kwamba kufikia mwaka 1991 kila mwanakijiji apate maji katika mwendo usiozidi mita 400. Mwaka huo ulifika na ukapita, na vijiji vingi bado vilikuwa vikingoja.

Na mwenye bomba la Kigoma asidhani kwamba maji yake yamepanda kilima kwa hiari yao. Husukumwa na mashine, na kwa miaka mingi mashine hizo ziliendeshwa kwa umeme wa mitambo ya dizeli, mafuta yenyewe yakiletwa kutoka mbali. Tena maji kuwa mengi si maji kuwa safi. Mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikwama katika ufuko mwembamba wa Kagunga, kaskazini mwa Kigoma, miguu yao ikigusa ziwa hili hili. Kipindupindu kikawaingia, na takriban watu 30 wakafa kabla wengi wao hawajavushwa kwa meli ya Liemba. Waliteseka kwa kukosa maji safi mbele ya maji yasiyo na mwisho.

Sasa turudi kwenye sinki, na anayetaka ahakikishe kwa ndoo na saa yake mwenyewe. Bomba la kawaida lililofunguliwa hutoa lita sita mpaka kumi kwa dakika. Mtu akinyoa kwa dakika tano bila kulifunga, kwa kadiri ya chini kabisa amemwaga lita 30. Kwa mudi ya robo tatu ya lita, hizo ni udhu 40, yaani udhu wa siku nane kwa mwenye kutawadha upya kwa kila sala. Ni karibu siku tatu za maji yote, ya kunywa, kupikia na kuoga, ya yule mtu wa lita 11. Na akitoka hapo huenda akatawadha kwa uangalifu mkubwa, akiogopa makuruhu ya kupindukia mara tatu!

Aliyenyoa kwa bakuli hakupungukiwa na kitu. Nusu lita ya kuchovya wembe na nusu lita ya kusuuza uso zamtosha, na wembe huoshwa vizuri kwa kutikiswa ndani ya bakuli. Maji yanayobaki, yenye sabuni kidogo na nywele, humwagwa kwenye shina la mgomba.

Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Lau bomba lile la dakika tano lingekuwa Kalinzi katika nyumba isiyo na bomba, binti wa nyumba hiyo angepanda mlima mara moja na nusu, kabla ya kwenda shule, ili baba yake anyoe.