Riwaya za India na Lugha ya Mhakiki

Mwulize mwanafunzi wa chuo katika nchi zetu hizi akutajie watunzi wa riwaya wa India, naye aghalabu atakutajia Salman Rushdie, Arundhati Roy, Kiran Desai na Aravind Adiga. Majina hayo yanastahili kutajwa. Wote wanne walipata Tuzo ya Booker huko Uingereza: Rushdie mwaka 1981, Roy mwaka 1997, Desai mwaka 2006 na Adiga mwaka 2008. Lakini wote wanne huandika riwaya zao kwa Kiingereza. Nayo katiba ya India imeorodhesha lugha 22, na Sahitya Akademi, chombo cha taifa cha fasihi kilichoanzishwa mwaka 1954, hutunuku vitabu vya lugha 24. Kiingereza ni moja tu kati ya hizo. Je, watunzi wa zile lugha 23 wako wapi katika orodha ya mwanafunzi wetu? Hawakuandika, au hawakusomwa?

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sifa ya riwaya haitokani na riwaya peke yake. Hutokana pia na lugha ya yule anayeisoma na kuihakiki. Mhakiki asiyeijua lugha fulani huweza kudhani kwamba lugha hiyo haina fasihi, kumbe kilichokosekana ni sikio lake. Wahenga walisema, asiyekujua hakuthamini. Historia ya riwaya za India inalieleza jambo hili vizuri, na sisi walimu wa Kiswahili tuna sababu ya kulisikiliza.

Mwanzo wa riwaya

Bankim Chandra Chattopadhyay, mtu wa Bengal, alianza kutunga riwaya kwa Kiingereza. Kitabu chake Rajmohan's Wife kilichapishwa gazetini kwa sehemu mwaka 1864. Baada ya hapo aliiacha njia hiyo. Mwaka 1865 alitoa Durgeshnandini kwa Kibengali, na riwaya zilizomjengea jina zikafuata katika lugha hiyo. Kwa hiyo mmoja wa waanzilishi wa riwaya ya India aliijaribu lugha ya mtawala, kisha akarudi kwa wasomaji wake.

Kusini, katika pwani ya Malabar, hakimu mmoja aliyeitwa O. Chandu Menon alikuwa akisoma riwaya za Kiingereza na kuwasimulia watu wa nyumbani kwake. Alijaribu kuwatafsiria mojawapo, akaona haiendi. Ndipo akaamua kuandika yake mwenyewe kwa Kimalayalam. Hiyo ndiyo Indulekha ya mwaka 1889. Tazama jinsi riwaya hiyo ilivyozaliwa: palikuwa na wasikilizaji waliotaka hadithi katika lugha yao, na mtunzi akawaitikia.

Naye Premchand alianza kuandika kwa Kiurdu, kisha akaandika zaidi kwa Kihindi. Hapa tunaposema Kihindi tunakusudia lugha moja tu kati ya lugha nyingi za India. Riwaya yake Godaan, iliyotoka mwaka 1936, ni habari ya Hori, mkulima maskini anayetamani kuwa na ng'ombe wake mwenyewe, huku madeni yakimkaba mpaka kufa. Mwaka huohuo wa 1936 Premchand aliongoza mkutano wa kwanza wa Chama cha Waandishi wa Kimaendeleo mjini Lucknow, uliotaka fasihi itazame njaa na dhuluma za umma.

London yatoa hukumu

Katika miaka hiyohiyo ya 1930 ilianza njia ya pili. Mulk Raj Anand alitoa Untouchable mwaka 1935, riwaya inayofuata siku moja katika maisha ya Bakha, kijana mfagiaji wa vyoo. Kitabu hicho kilichapishwa London kikiwa na dibaji ya E. M. Forster. Mwaka huohuo R. K. Narayan alipata mchapishaji wa Swami and Friends kwa msaada wa Graham Greene. Hatusemi kwamba watunzi hao walikuwa dhaifu, la hasha. Tunasema kwamba kila mmoja alihitaji mkono wa Mwingereza mashuhuri ili afunguliwe mlango. Godaan ilisomwa nyumbani bila mlango huo, lakini nje ya India wachache tu waliisikia wakati huo.

Mwaka 1981 riwaya ya Rushdie, Midnight's Children, iliufungua mlango huo wazi kabisa. Mtoto anazaliwa usiku wa manane India inapopata uhuru mwaka 1947, na maisha yake yanafungamana na maisha ya taifa. Baada yake wachapishaji wa London na New York waliitafuta India kwa bidii. Ndipo mwaka 1997, katika kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, Rushdie na Elizabeth West wakahariri mkusanyo wa maandishi ya India. Katika kitabu chote hicho kazi moja tu ilikuwa tafsiri: hadithi ya Saadat Hasan Manto kutoka Kiurdu. Rushdie alieleza msimamo wake waziwazi, kwamba nathari iliyoandikwa na Wahindi kwa Kiingereza tangu uhuru ilikuwa na nguvu kuliko sehemu kubwa ya ile iliyoandikwa katika lugha nyingine rasmi za nchi hiyo.

Hukumu hiyo ilizua ubishi mkubwa. Swali lililoulizwa ni jepesi: mhakiki anaweza kupima lugha ngapi? Mtu anayesoma lugha mbili au tatu, kisha akazipima zilizosalia kwa tafsiri chache alizobahatika kuziona, anapima tafsiri wala hapimi fasihi. Mwaka 2001 Amit Chaudhuri, ambaye naye ni mtunzi wa Kiingereza, alitoa mkusanyo mwingine uliozipa tafsiri kutoka lugha za India nafasi kubwa.

Hata hivyo, haki itendeke pande zote. Kiingereza nchini India si mgeni wa jana. Msomaji wa Kitamil na msomaji wa Kiassam mara nyingi hukutana katika Kiingereza. Mwaka 2018 Amitav Ghosh alikuwa mtunzi wa kwanza wa Kiingereza kutunukiwa Jnanpith, tuzo kuu ya fasihi ya India iliyoanza kutolewa mwaka 1965. Katika riwaya yake Sea of Poppies ya mwaka 2008, mabaharia wa Bahari ya Hindi huzungumza lugha ya merikebuni iliyochanganya maneno ya mataifa mengi. Kiongozi wao huitwa Serang Ali, na mwanafunzi wa Kiswahili atakayefungua kamusi na kukuta neno serahangi atafahamu mara moja kwamba bahari hiyo ni moja.

Wafasiri waingia uwanjani

Mabadiliko makubwa ya miaka ya karibuni yameletwa na wafasiri. Kati ya mwaka 2018 na 2024 Tuzo ya JCB ya India ilitolewa mara saba, na mara tano ilikwenda kwa riwaya zilizotafsiriwa: tatu kutoka Kimalayalam, moja kutoka Kiurdu na moja kutoka Kitamil. Mwaka 2022 riwaya ya Geetanjali Shree, Ret Samadhi, iliyotoka kwa Kihindi mwaka 2018, ilipata Tuzo ya Kimataifa ya Booker katika tafsiri ya Daisy Rockwell iitwayo Tomb of Sand. Hicho kilikuwa kitabu cha kwanza kutoka lugha yoyote ya India kupata tuzo hiyo. Pauni 50,000 za tuzo ziligawanywa nusu kwa nusu baina ya mtunzi na mfasiri, na huo ni mgawanyo wa haki. Riwaya yenyewe ni habari ya bibi wa miaka 80 aliyefiwa na mumewe. Amelala akiwa ameugeukia ukuta na hataki kuamka. Anapoamka hazuiliki tena, hata akavuka mpaka kwenda Pakistan, kwenye maisha aliyoyaacha nchi ilipogawanywa.

Mfano mwingine ni Ghachar Ghochar ya Vivek Shanbhag, iliyotoka kwa Kikannada mwaka 2013 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Srinath Perur. Ni kitabu kifupi juu ya familia iliyotajirika ghafla na kuharibikiwa utu. Jina lake ni maneno yaliyobuniwa nyumbani na familia moja kueleza nyuzi zilizotatana. Mfasiri aliyaacha yalivyo, kwa kuwa hata Mkannada hukutana nayo kwa mara ya kwanza humo kitabuni. Walimu wa tafsiri watapata hapo somo zima.

Kisa cha Perumal Murugan

Lakini kusomwa nje si neema tupu, wala kusomwa nyumbani si salama daima. Perumal Murugan alitoa riwaya yake Madhorubhagan kwa Kitamil mwaka 2010. Ni habari ya Kali na Ponna, wakulima wapendanao waliokosa mtoto kwa miaka mingi, na mila ya zamani ya sikukuu moja ya hekaluni ambapo mwanamke tasa aliweza kutafuta mimba kwa mtu asiyemjua. Kitabu kilikaa kwa amani miaka minne. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 2013. Mwishoni mwa mwaka 2014 makundi ya watu yalikichoma na kudai kwamba kinautukana mji na dini yao. Januari 2015 mtunzi aliitwa kwenye mkutano mbele ya maofisa wa serikali, akatakiwa aombe radhi. Baada ya hapo alitangaza kwamba Perumal Murugan mwandishi amekufa.

Julai 2016 Mahakama Kuu ya Madras iliyatupa madai dhidi ya kitabu hicho. Majaji walieleza kwamba hakuna anayelazimishwa kusoma, na asiyekipenda kitabu aweza kukiweka kando. Walimtaka mtunzi arudi kwenye kalamu yake. Alirudi mwaka huohuo na riwaya ya mbuzi jike mweusi, Poonachi. Katika dibaji alieleza kwamba anaogopa kuandika juu ya wanadamu, hivyo amechagua mbuzi. Lakini msomaji makini huona kwamba ndani ya hadithi hiyo mna njaa, foleni, na watumishi wa serikali wanaotaka kila kiumbe kiandikishwe na kutobolewa sikio.

Sisi tusidhani mambo hayo ni ya mbali. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa kwa muda isisomwe katika shule za Tanzania. Msomaji wa Kiingereza alingoja zaidi ya miaka 50 kabla ya kuipata riwaya hiyo katika lugha yake. Kwa miaka yote hiyo haikuwa na upungufu wowote. Msomaji huyo ndiye aliyepungukiwa.

Mambo ya kuzingatia darasani

Mwalimu anayewapa wanafunzi riwaya ya India waihakiki awaongoze kwanza katika maswali manne. La kwanza: kitabu kiliandikwa kwa lugha gani, na mwaka gani? Mwaka wa tafsiri usichukuliwe kuwa ndio mwaka wa riwaya. La pili: mfasiri ni nani, na maneno gani ameyaacha bila kuyafasiri? La tatu: mtunzi anamsemesha nani? Akieleza kila chakula na kila vazi, huenda anamwandikia mgeni; akipita bila kueleza, anamwandikia mwenyeji, nasi tumekaribishwa kusikiliza tu. La nne: habari hii ni ya tabaka gani na mahali gani? Riwaya ya dereva wa tajiri mjini Delhi, kama The White Tiger ya Adiga, haiwezi kuwa ushahidi wa maisha ya kila Mhindi.

Baada ya maswali hayo ndipo uhakiki wa fani na maudhui uanze, nao uandikwe kwa Kiswahili. Tunalisisitiza hili kwa sababu katika nchi zetu riwaya za Kiswahili hutoka Dar es Salaam na Nairobi, na riwaya za dunia hutufikia kwa Kiingereza au Kifaransa. Tukizihakiki kwa lugha hizo tu, tutarithi orodha zilizokwisha kuandaliwa na wengine. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alichapisha Paradise mwaka 1994. Msomaji wa Kiswahili aliipata kwa jina la Peponi mwaka 2022, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, baada ya mtunzi kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Habari ya pwani yetu ilizunguka miaka 28 kabla ya kurudi katika lugha ya pwani.

Tunapendekeza basi kwamba kila mwalimu mwanachama achague riwaya moja ya India, hasa iliyotoka katika lugha mojawapo ya nchi hiyo, aisome pamoja na wanafunzi wake katika muhula ujao, na uhakiki ulio bora uletwe uchapishwe katika kurasa hizi. Poonachi na Ghachar Ghochar ni vifupi na vinafaa kwa kuanzia. Na mwenye uwezo wa kufasiri asingoje tuzo: atafsiri sura moja tu kwa Kiswahili, wenzake waione na kuikosoa.