Viunga vya Leipzig

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyepata kusoma pamoja na wanafunzi wake hadithi iliyofasiriwa kutoka Ulaya bila shaka amekutana na tatizo hili. Kitabu chasema kwamba kiangazi kilipofika, baba na mama waliwachukua watoto wao wakaenda kulima bustani. Hapo mwanafunzi mmoja huinua mkono na kuuliza: "Mwalimu, nani alimaye kiangazi?" Swali hilo ni la haki. Kwetu sisi kiangazi ni wakati wa jua na vumbi. Mvua zimekwisha, mavuno yamo ghalani na jembe limepumzishwa. Hata kalenda haitusaidii, kwani mwezi wa Julai, ambao kwa watu wa Ulaya ni kilele cha joto, kwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki ni kipupwe, wakati wa baridi na upepo. Mfasiri aliyeandika "kiangazi" hakukosea kabisa, lakini ameacha nje jambo kubwa: kwamba katika nchi za kaskazini joto na majani mabichi huja pamoja, na ya kuwa miezi hiyo michache ndiyo ambayo ardhi hutoa karibu chakula chote cha mwaka. Kwa sababu hiyo sisi twapendelea kusema "majira ya joto".

Katika makala haya twapenda kueleza jinsi familia za mijini nchini Ujerumani zinavyoyatumia majira hayo, na hasa historia ya bustani ndogo ndogo zilizotapakaa ndani na pembezoni mwa miji yao. Tumeuchagua mji wa Leipzig kwa sababu mbili. Kwanza, jina lake si geni kwa wapenzi wa Kiswahili: chuo kikuu cha mji huo hufundisha lugha yetu, na kamusi ya Kiswahili na Kijerumani ilipigwa chapa huko mwaka 1979. Pili, na hili ndilo lililotugusa zaidi, bustani hizo zilianzishwa na walimu wa shule. Tena zilianza kwa kushindwa.

Katikati ya karne ya 19 Leipzig ulikuwa mji wa biashara, wa wapiga chapa na wa viwanda, nao ulikuwa ukikua haraka. Familia za wafanyakazi zilisongamana katika majumba ya ghorofa, na watoto walicheza katika nyua finyu zisizoingia jua. Mjini humo alikuwapo daktari mmoja, Moritz Schreber (1808–1861), aliyetibu viungo vya mwili na mifupa, akaandika vitabu juu ya mazoezi ya mwili na malezi. Yeye alihimiza kwamba watoto wa mjini wapatiwe mahali pa kucheza kwenye hewa safi. Hatuna budi kusema pia kwamba daktari huyo alikuwa mkali mno: alibuni mikanda na vyombo vya kumlazimisha mtoto akae wima, na wataalamu wa malezi wa zama za baadaye wamemlaumu sana kwa hayo.

Schreber alikufa mwaka 1861 bila ya kuanzisha bustani hata moja. Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 1864, mwalimu mkuu wa shule mjini humo, Ernst Innozenz Hauschild, aliwakusanya wazazi wa wanafunzi wake wakaunda chama, wakakipa jina la marehemu daktari. Shabaha yao ilikuwa ni kuwaleta pamoja wazazi na walimu, na kuwapatia watoto uwanja. Mwaka 1865 uwanja wa kwanza ulifunguliwa. Palikuwa na nafasi ya kukimbia na kucheza, wala hapakuwa na tuta la mboga. Mwaka uliofuata Hauschild naye akafariki.

Tuta la kwanza lililetwa na mwalimu mwingine, mzee aliyekwisha staafu, Karl Gesell, ambaye alikuwa akiwasimamia watoto katika michezo yao. Mnamo mwaka 1868 alitenga sehemu ya ardhi kandokando ya uwanja, akawagawia watoto vijishamba wapande maua na mboga, ili wajifunze kazi na kuyajua maumbile. Fikira ilikuwa nzuri, na kila mwalimu aliyepata kuwa na bustani ya shule aweza kubashiri yaliyofuata. Watoto walipanda kwa furaha, kisha michezo ikawavuta, nayo magugu yakawa ndiyo mavuno. Hapo wazazi wakaingilia kati. Walianza kwa kuwasaidia watoto wao kupalilia. Baadaye wakatwaa majembe wenyewe. Matuta ya watoto yakageuka kuwa matuta ya familia, yakazungushiwa ua, yakajengewa vibanda vya mbao vya kujikinga na mvua. Muda si mrefu vipande hivyo vikafikia karibu mia moja, na chama kikalazimika kuviwekea kanuni.

Ndipo twaona ajabu ya lugha. Mpaka leo Mjerumani huiita bustani ya namna hiyo Schrebergarten, yaani bustani ya Schreber, kwa jina la mtu ambaye hakupata kuiona. Gesell, aliyepanga matuta, hana neno lililobeba jina lake. Walimu wenzetu hawatashangaa sana!

Tusidhani kwamba Leipzig pekee ndio uliokuwa na bustani za watu wa mjini. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne hiyo ya 19, miji kadhaa ya Ujerumani iliwagawia maskini viwanja vya kulima ili wasitegemee sadaka. Mjini Berlin, wafanyakazi waliokosa nyumba bora walijenga vibanda na kulima kwenye ardhi iliyokuwa ikingojea kujengwa. Lakini jina lililoenea ni lile la Leipzig, na pamoja na jina ikaenea desturi.

Je, desturi yenyewe ni ipi? Mwaka wa mkulima wa mjini huanza kwa subira. Wajerumani huihofu baridi ya usiku inayoweza kurudi hata katikati ya mwezi wa Mei, na wazee hukataza kupanda nyanya au maharage nje kabla ya siku hizo kupita. Baada ya hapo mambo yote huja kwa pamoja. Mwezi wa Juni jua huchelewa kutua hata kupita saa tatu za usiku, na mtu aliyetoka kazini jioni bado ana muda wa kupalilia, kumwagilia na kukaa. Siku ya Jumamosi familia hufunga safari kwa baiskeli au kwa tramu, vikapu mkononi. Safari yenyewe si ndefu, lakini ni matembezi kamili: kuna chakula cha kuchukua, kuna jirani wa kuamkia juu ya ua, na watoto wana mahali pa kukimbia bila kuogopa magari. Bibi huchuma stroberi, babu hufunga mibaragwe kwenye miti yake, na mchana hutengwa kahawa na keki mbele ya kibanda. Vyama vingi huweka saa za kimya baada ya chakula cha mchana, na atakayewasha mashine ya kukatia majani saa hizo ataambiwa. Mwezi wa Agosti huwa wa plamu, na baada yake matofaa. Kinachozidi hutiwa katika chupa za kioo, kikachemshwa na kufungwa, ili majira ya baridi yakute rafu imejaa. Katika majira hayo pia vyama hufanya sikukuu zao, na watoto hutembea usiku na taa za karatasi baina ya ua na ua.

Mtu aweza kusema kwamba hayo ni starehe tu. Historia yakataa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza njia za baharini zilifungwa, na mwaka 1916 mavuno ya viazi yaliharibika. Majira ya baridi yaliyofuata watu wa mijini walikula mizizi mikubwa ambayo kwa kawaida walilishwa mifugo, na wengi walikufa kwa njaa na udhaifu. Mwenye kipande cha bustani alikuwa na viazi vyake na kabichi yake. Serikali iliyokuja baada ya vita ililielewa jambo hilo: tarehe 31 Julai 1919 ilipitishwa sheria ya kuwalinda wapangaji wa bustani, ili mwenye ardhi asiweze kuwafukuza ovyo wala kupandisha kodi apendavyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalizidi. Miji ilikuwa magofu, na familia nyingi zilizopoteza nyumba zao ziliishi kwa miaka katika vibanda vilivyojengwa kwa ajili ya kuwekea sepetu na reki. Tena kuna kibanda kimoja ambacho yafaa tukitaje peke yake. Mwaka 1943 kijana Myahudi, Hans Rosenthal, alijificha katika bustani za namna hiyo mjini Berlin ili asikamatwe na kuuawa na watawala wa wakati ule. Wanawake watatu wa bustani hizo walimficha kwa zamu na kumgawia katika chakula chao kidogo, mpaka vita ilipomalizika mwaka 1945. Kijana huyo baadaye alikuwa mtangazaji mashuhuri wa redio na televisheni, akapendwa na taifa zima hadi alipofariki mwaka 1987. Ua wa mibaragwe ulimsitiri mtu ambaye dola nzima ilikuwa ikimsaka.

Ujerumani ilipogawanyika, Leipzig uliangukia upande wa mashariki. Watawala wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani hapo kwanza hawakuzipenda sana bustani hizo, kwani waliona zinamfanya mtu ajitenge na kujifikiria mwenyewe. Lakini maduka yalipokosa matunda na mboga, waliziona thamani yake. Chama cha taifa cha wakulima wa bustani na wafugaji wadogo kiliundwa mwaka 1959, kikapata wanachama zaidi ya milioni moja, na mazao ya bustani yakanunuliwa na vituo vya serikali. Upande wa magharibi nako sheria mpya ilianza kutumika mwaka 1983, na baada ya nchi kuungana tena mwaka 1990 ikawa sheria ya wote. Sheria hiyo yasema kwamba bustani isizidi meta za mraba 400, kibanda pamoja na baraza yake kisizidi meta za mraba 24, wala kisiwe makao ya kudumu. Mwaka 2004 mahakama kuu ya Shirikisho ilifafanua kwamba kwa kawaida angalau theluthi moja ya bustani ipandwe matunda na mboga. Maana yake ni kwamba kodi hubakia ndogo kwa sababu mtu analima. Akigeuza mahali pote kuwa majani ya kulalia, amevunja mapatano.

Leo vyama vilivyo katika shirikisho la taifa vina bustani zipatazo 900,000. Katika nyumba iliyojengwa na chama cha kwanza cha Leipzig mwaka 1896 mna makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1996, na nje yake watu wangali wakilima. Lakini amani haikupatikana. Miji yahitaji nyumba, na nyumba zahitaji ardhi. Berlin peke yake una bustani kama 70,000, na wako wanaozihesabu kuwa viwanja vilivyolala bure, ilhali mwenye kutaka bustani hukaa miaka katika orodha ya kungojea. Kila upande una haki yake: mama asiye na nyumba ana haki, na mtoto asiyejua nyanya hutoka wapi ana haki pia.

Sisi walimu twajifunza nini? Tulipokuwa wanafunzi, wengi wetu tulikabidhiwa jembe tulipochelewa kufika shuleni, na shamba la shule likawa jina jingine la adhabu. Haishangazi kwamba wengi waliotoka katika shule hizo walilikimbia jembe. Gesell hakuwaadhibu watoto wake, na bado walimkimbia. Waliporudi, walirudi kwa sababu mama na baba walikuwa wamepiga magoti kwenye udongo, na chakula cha mchana kilikuwa kikiliwa pale pale. Mtoto hafuati tuta, hufuata watu.

Limebaki jambo la lugha. Wenzetu wengi wametuuliza Schrebergarten tuiite nini kwa Kiswahili. Jibu ni kwamba neno tunalo tangu kale: ni kiunga. Wazee wa pwani walipotaja viunga vya mji walikuwa na maana ya bustani na miti ya matunda iliyouzunguka mji, mahali ambapo mtu aliweza kwenda asubuhi akarudi jioni na kapu lake. Leo ukimtajia mwanafunzi viunga vya Kampala au vya Bujumbura, hufikiria nyumba, barabara na mabati tu. Neno limebaki, lakini bustani iliyokuwa ndani yake imejengewa.

Basi, hadithi ile ya Ulaya itakaposomwa tena darasani, na yule mwanafunzi akauliza nani alimaye kiangazi, tumweleze habari za Leipzig. Kisha tumpe kazi ya kufanya nyumbani: amwulize bibi yake, kabla ya nyumba yao kujengwa, mahali pale palipandwa nini.