Matairi ya Masika: Tope la Mara na Historia ya Kuchagua Magurudumu

Mashindano ya magari ya Safari, yaliyokuja kuitangaza Afrika Mashariki dunia nzima, nusura yapite Musoma, mkoani Mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Eric Cecil na wenzake wa Nairobi walipokuwa wakitafuta njia ndefu ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, wazo lao la awali lilikuwa kulizunguka Ziwa Victoria. Kwenye ramani njia hiyo inavutia mno: unatoka Kisumu, unashuka Musoma, Bunda na Mwanza, unapita magharibi kwenda Bukoba, kisha unarudi kwa kupitia Kampala. Waliiacha kwa sababu moja. Mvua ikinyesha, sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa haipitiki. Basi tarehe 27 Mei 1953 magari yakaanzia Nairobi, Kampala na Morogoro, na watu wa Mara wakabaki na barabara ambayo hata madereva wa mashindano waliikwepa.

Aliyewahi kusafiri Mara wakati wa masika hashangai. Kutoka Buswahili, upande wa bonde la Mto Mara, hadi tambarare za Ndabaka ambako mito ya Grumeti na Mbalageti hufurika ikielekea ziwani, kuna maeneo makubwa ya udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi udongo huo hupasuka nyufa za kumeza fimbo ya mchungaji. Ukinyeshewa huvimba, hufunga nyufa zake na kuteleza kama mlenda.

Tazama gurudumu linavyoingia humo. Tairi halijazunguka mara nne, nafasi zote katikati ya kashata, yaani meno ya tairi, zimeshajaa tope, na dereva anabaki na duara laini lisiloshika kitu. Akikanyaga mafuta, gurudumu linazunguka pale pale na kujichimbia shimo. Tope linapanda, linajaza madigadi, na magurudumu ya mbele yanakataa kukata kona. Kwa hiyo tairi la kufaa hapa lazima liwe na kashata ndefu zilizoachana, ili mzunguko wenyewe ulirushe tope nje. Lisiwe pana pia. Pale ambapo chini ya tope kuna ardhi ngumu, tairi jembamba hulikata tope na kuifikia ardhi hiyo, wakati pana linaelea juu na kuteleza. Kwenye mchanga wa ufukweni mambo hugeuka: huko dereva hupunguza upepo ili tairi litandike na kukanyaga eneo kubwa zaidi.

Wazungu wa kaskazini waliyafikia maarifa hayohayo kwa njia ya theluji. Mwaka 1904 Mmarekani Harry Weed alipewa hataza ya minyororo ya kufunga kwenye magurudumu, baada ya kuona madereva wa New York wakizungushia kamba kwenye matairi ili yasiteleze. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha Finland, kilichokuwa katika mji wa Nokia, kikatoa tairi la kwanza duniani lililotengenezwa mahsusi kwa majira ya baridi. Lilikuwa la malori. Miaka miwili baadaye likaja la magari madogo, likaitwa Hakkapeliitta, jina linalotumika mpaka leo. Matairi ya aina hiyo mengi yameandikwa ubavuni herufi M+S, alama ya matope na theluji. Watengenezaji walijua mapema kwamba vitu hivyo viwili vinalisumbua gurudumu kwa namna zinazokaribiana.

Mara haikuwa na theluji, ila ilikuwa na kazi zisizongoja jua. Migodi ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari ilihitaji mafuta, vyuma na chakula. Pamba ilihitaji magari ya kuifikisha kwenye vinu. Kilimo hicho ndicho kilichomwinua Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma wa mwaka 1925, aliyeongoza vyama vya ushirika vya wakulima wa Kanda ya Ziwa hadi vikaunda shirikisho la Victoria katikati ya miaka ya 1950. Historia imewakumbuka viongozi wa ushirika, nayo imefanya haki. Waliosahaulika ni madereva na matingo waliobeba robota za pamba hiyo, barua za posta na wagonjwa.

Kazi ya utingo ilistahili kuandikwa zamani. Lori likikwama, yeye ndiye anayeshuka kwanza, tope likimfika magotini. Anachimba mbele ya kila gurudumu kwa jembe la mpini mfupi, anakata matawi kwa panga na kuyatandika kwenye njia ya tairi. Kama kuna cheni anaizungusha kwenye matairi ya nyuma, anaivuta mpaka inabana, kisha anaifunga kwa mikono inayoteleza. Magurudumu ya nyuma ya lori ni mawili mawili kila upande, na katikati yake huganda tope na mawe. Jiwe likibaki humo hukata mbavu za matairi yote mawili, kwa hiyo lazima aliondoe kwa mtaimbo kabla gari halijaondoka. Pancha ikitokea, anafungua nati, anabandua tairi kwenye ringi kwa vyuma, anatoa tyubu, anaikwangua, anaitia gundi na kiraka, kisha anaanza kupiga pampu ya mkono. Lori la tani kadhaa linataka upepo mwingi, na yote hayo huenda yakafanyika mvua ikiwa bado inanyesha.

Land Rover za kwanza za serikali na za misheni zilikuja na matairi ya 6.00-16, membamba na marefu, yaliyofaa mbugani kuliko mengi mapana yanayofungwa leo kwa ajili ya sura tu.

Somo hilohilo liliwapata waundaji wa magari ya mbio. Safari iliendeshwa kwa miaka mingi wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, na tope ndilo lililopanga matokeo. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7. Katika miaka ya mwanzo Volkswagen ndogo ilishinda mara kadhaa dhidi ya magari yenye nguvu kuizidi sana, kwa kuwa uzito wa injini yake ulikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na matairi yake yalikuwa membamba. Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia lenye matairi ya upana wa milimita 165. Wapo madereva wa mikoani waliolitumia gari hilohilo kubeba abiria na magunia.

Kisha yakaja magari ya spoti yenyewe. Datsun 240Z ilibuniwa kwa ajili ya barabara laini za Marekani: viti viwili, boneti ndefu, mwili uliokaa chini. Ikapelekwa kwenye Safari ya mwaka 1971, na Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda nayo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na gari la aina hiyo baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Sweden. Yeyote anayedhani gari la spoti lazima livae matairi mapana aangalie vipimo vya 240Z ya kawaida ya miaka hiyo: ringi za inchi 14, tairi la milimita 175. Porsche nayo, mwaka 1978, ililiinua gari lake la 911 mpaka tumbo likawa sentimita 28 kutoka ardhini. Vic Preston Jr. akashika nafasi ya pili, na Björn Waldegård, aliyejifunzia udereva kwenye theluji ya Sweden, akawa wa nne.

Waendeshaji wa kaskazini walihangaika muda mrefu kabla ya hapo. Hannu Mikkola wa Finland, nchi ileile iliyouza tairi la kwanza la baridi, alishinda mwaka 1972, naye akawa wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo. Kwa takriban miaka 20 ushindi ulikuwa wa wakazi wa huku, akiwemo Joginder Singh wa Kenya mwaka 1965. Tofauti haikuwa ushujaa. Waliishi na udongo huu mwaka mzima, wakajua kwa kuutazama tu mahali ambapo chini pana mwamba na mahali pasipo na chini.

Tanzania huru iliamua kutengeneza matairi yake. Mwaka 1969 ilianzishwa General Tyre East Africa mjini Arusha, kwa ubia wa serikali na kampuni ya Marekani, na kwa miaka mingi matairi ya malori na mabasi ya nchi hii yakatoka hapo. Hata hivyo mwisho wa miaka ya 1970 ukaja na shida za kila upande: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa mwaka 1977, vita vya Kagera vikafuata, na fedha za kigeni zikaadimika. Kwa Mara, mkoa unaopakana na Kenya pale Sirari, kufungwa kwa mpaka kuliuma sana. Vipuri vilivyokuwa vikipatikana kwa safari ya siku moja vikawa vitu vya magendo. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983, mwaka uleule ambao serikali iliwasaka wahujumu uchumi nchi nzima.

Katika miaka hiyo hakuna aliyechagua tairi. Ulifunga ulichopata. Tairi lililopasuka lilishonwa, likatiwa ndani kipande cha tairi jingine, likarudishwa barabarani. Lililoshindikana kabisa likawa katambuga sokoni, au likakatwa mipira ya kufungia mizigo. Lililobaki na nguvu kidogo lilifungwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, juu ya ekseli ya gari lililokufa. Mikokoteni hiyo bado inaonekana vijijini Butiama na Bunda, na hapo ndipo mahali pekee ambapo tairi kipara halimtishii mtu maisha.

Kiwanda cha Arusha kilidhoofika, na kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii kikaacha kuzalisha. Wakati huo soko lilikuwa limeshafunguliwa na magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanaingia kwa wingi. Hapo ndipo tairi la theluji lenyewe lilipofika Musoma.

Japani ina mikoa ya theluji nzito kaskazini. Zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari, lakini misumari ilikwangua lami na kujaza vumbi mijini, mpaka sheria ya mwaka 1990 ikaizuia. Viwanda vilikuwa vimeshatengeneza mbadala: Bridgestone ilitoa Blizzak mwaka 1988, tairi lisilo na misumari, lenye mpira laini sana na mikato midogo mingi juu ya kila kashata. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, ilhali huu wa theluji hubaki laini. Gari likiuzwa wakati wa baridi, mara nyingine husafirishwa na matairi hayohayo. Ndivyo Probox, gari ambalo watu wa Mara huliita mchomoko, linavyoweza kushuka melini likiwa limevaa viatu vya theluji.

Mnunuzi huyapenda kwa macho. Kashata ni nyingi, na mpira ukibonyezwa kwa kidole unaonekana kama mpya. Lakini ulaini uleule unaoshika barafu huliwa haraka na lami yenye joto ya barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Sirari, hasa gari likijazwa abiria kupita kiasi. Mikato midogo hujikunja, gari huyumba kwenye kona, na ukifunga breki ya ghafla gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Kwenye tope la mbuga nako hayasaidii, kwani mikato ile ni myembamba mno kulitema. Tairi hilo halina kasoro yoyote. Limeletwa kwenye ardhi isiyo yake, na abiria wanalipa.

Kinga ipo ubavuni mwa tairi, na inasomeka bila chombo. Tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na herufi DOT zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3217 ni wiki ya 32 ya mwaka 2017. Picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ni alama ya tairi la baridi kali. Ukiiona picha hiyo Musoma, omba tairi jingine. Herufi M+S peke yake si tatizo, maana hubandikwa pia kwenye matairi mengi ya magari ya barabara za vumbi.

Lami imepunguza vita ya zamani, ila haijaimaliza. Mabasi ya Musoma kwenda Arusha hukata ndani ya Hifadhi ya Serengeti kupitia Seronera, kwenye changarawe. Mpango wa kujenga barabara ya lami kaskazini mwa hifadhi ulifikishwa kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha, nayo mwezi Juni 2014 ikauzuia kwa sababu ya uhamaji wa nyumbu. Uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa wanyama, na umewaachia madereva wa njia za Serengeti kazi ya zamani: kukagua kashata kabla ya masika, kupima upepo, kubeba spea tairi zaidi ya moja, na kumwuliza anayetoka upande wa pili hali ya korongo lililo mbele.