Madaftari Manne ya Mpira



Juma lililopita katekista wetu alikuwa akinisaidia kupanga upya kabati la ofisi. Nyuma ya vitabu vya zamani vya ubatizo alikuta madaftari manne ya shule yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya katani. Akaniuliza, “Baba Paroko, hizi nazo ni kumbukumbu za parokia?” Nilicheka, kwa maana hayo ni madaftari yangu ya mpira. Tangu nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiandika kila safari niliyofanya kwenda kutazama mechi: tarehe, chombo cha usafiri, nauli, timu zilizocheza na matokeo. Nimeyasoma kwa jioni tatu mfululizo. Tafakari ya juma hili inatokana na niliyoyakuta humo, na zaidi inatokana na jambo moja ambalo nililitafuta nisilikute.

Najua kuna watakaosoma haraka haraka ili wajue kama paroko wao ni wa Msimbazi au wa Jangwani. Leo pia sitajibu. Waamini wa pande zote mbili hukaa benchi moja kanisani, nami ningependa waendelee kukaa hivyo.

Ushabiki wangu niliurithi kwa marehemu baba. Yeye alikuwa mtu wa Morogoro, na fahari yake kubwa ilikuwa Mseto, timu ya mji wetu iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1975. Alinisimulia pia habari za Agosti 1979, wakati Taifa Stars ilipokwenda Ndola kurudiana na Zambia. Tulikuwa tumeshinda nyumbani kwa bao moja. Kule Ndola tukatoka sare ya bao moja kwa moja kwa goli la Peter Tino, na hivyo Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Baba hakuwapo Ndola wala Lagos. Alikuwa na redio ya mkulima. Lakini aliposimulia goli lile, aliinuka kitini.

Vijana wa leo ni vema wakumbuke hali ilivyokuwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, lakini huku Bara vituo vya televisheni vilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo, mtu wa Morogoro, Tabora au Songea aliyetaka kuuona mpira wa timu kubwa kwa macho yake hakuwa na njia nyingine ila kusafiri. Asiyekuwa na nauli alisikiliza redio, akaujenga uwanja kichwani mwake. Ndiyo sababu shabiki aliyesafiri aliporudi kijijini alizungukwa na watu, wakimtaka asimulie kila kitu alichokiona. Alikuwa shahidi wao.

Daftari la kwanza linaanza Novemba 1993. Simba ilikuwa imefika fainali ya Kombe la CAF, ikacheza na Stella ya Abidjan. Mechi ya kwanza kule Ivory Coast ilimalizika bila kufungana, na watu wengi waliamini kwamba kombe limekwisha kupatikana. Baba alinipeleka Dar es Salaam kwa basi, katika Uwanja wa Taifa wa zamani, ule ambao sasa unaitwa Uwanja wa Uhuru. Tulifungwa mabao mawili bila, na jina la Boli Zozo mashabiki wa umri wangu hawajalisahau hadi leo. Baadhi ya watani wa jadi walikuwa wakiwashangilia wageni.

Nimekuta niliandika kurasa tatu kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la tano. Kuhusu mpira wenyewe kuna mistari miwili tu. Kurasa zilizobaki ni za watu: mama aliyetuuzia mihogo ya kukaanga Chalinze akakataa kuchukua fedha yangu kwa kuwa nilikuwa mdogo, mzee aliyenibeba mabegani nipate kuona, konda aliyenyamaza njia nzima wakati wa kurudi. Mstari wa mwisho unasema: “Baba hakula.”

Daftari la pili ni la miaka ya seminari. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, ilitwaa ubingwa wa Bara miaka miwili mfululizo, 1999 na 2000. Kwetu sisi wa mkoa wa Morogoro lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu kombe lilikuwa limetoka mikononi mwa wakubwa wa Kariakoo likaenda kukaa kati ya mashamba ya miwa. Wakati wa likizo tulikwenda Manungu juu ya lori, tukafika wekundu kwa vumbi. Humo nimeandika majina ya wenzangu wote waliokuwa ndani ya lori, na nani alimpa nani maji. Mmoja wao leo ni padri mwenzangu, na wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Nisingewakumbuka wote kama nisingeandika.

Mwaka 2003 hapakuwa na safari. Simba iliwatoa Zamalek ya Misri, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti mjini Cairo, nasi waseminari tulijikusanya kuizunguka redio moja. Katika miaka hiyo vibanda umiza vilikuwa vimeenea kila mtaa, na kijana wa Kihonda au Mafiga aliweza kuijua timu ya London kuliko alivyoijua timu ya mkoa wake. Silaumu. Lakini ushabiki wa aina mpya ulikuwa umezaliwa, usiohitaji mtu aondoke nyumbani wala abanane na mgeni katika kiti cha basi.

Mwaka 2007 ulifunguliwa uwanja mpya wa Taifa, wenye viti 60,000, ambao tangu mwaka 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Daftari la tatu karibu lote ni la uwanja huo. Ukurasa mzuri kuliko yote ni wa Jumapili ya tarehe 24 Machi 2019, Dominika ya tatu ya Kwaresima. Ilibidi tuifunge Uganda, na wakati huohuo Lesotho isishinde kule Cape Verde. Tulishinda 3-0, kwa mabao ya Saimon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris, na Lesotho ikatoka sare. Baada ya miaka 39 tulikuwa tumerudi katika fainali za Afrika. Nilimkumbuka baba na Peter Tino wake.

Kule Misri, mwezi Juni na Julai mwaka huohuo, tulipoteza mechi zote tatu, dhidi ya Senegal, Kenya na Algeria. Januari 2024 kule Ivory Coast tulifungwa na Morocco, tukatoka sare na Zambia, kisha sare na Kongo. Ukijumlisha fainali za 1980, 2019 na hizo za Ivory Coast, tulicheza mechi tisa, tukapata sare tatu, wala hatukushinda hata moja. Shabiki wa Taifa Stars hafuati ushindi. Hufuata kwa sababu ni wake.

Hapo ndipo ninapomkumbuka John Stephen Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City, alianguka na kuumia goti, lakini hakuacha mbio. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, goti limefungwa bandeji, giza limeanza kuingia na watu wengi wamekwisha kuondoka. Alieleza baadaye kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali ili azimalize. Dunia inamkumbuka kwa sababu waliobaki walimwona, na walioshika kamera hawakuwa wamezifungasha. Kama wote wangeondoka pamoja na mshindi, Akhwari angebaki kuwa jina la mwisho katika orodha. Mtu anayeanguka huhitaji pia shahidi ambaye hajaondoka.

Sasa nifike kwenye lile nisilolikuta.

Tarehe 28 Mei 2023 ilikuwa Sherehe ya Pentekoste. Niliadhimisha Misa ya alfajiri, paroko msaidizi akachukua zilizobaki, nami nikapanda basi la saa tatu kwenda Dar es Salaam. Yanga ilikuwa ikicheza na USM Alger mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Niliwahi, nikaingia bila taabu, nikakaa katika majukwaa ya mzunguko. Tulifungwa 2-1. (Nikisema “tulifungwa” msinihesabie upande, siku hiyo nchi ilikuwa moja, au karibu kuwa moja.) Tarehe 3 Juni Yanga ilikwenda kushinda 1-0 mjini Algiers, lakini kombe likabaki huko kwa kanuni ya goli la ugenini.

Siku ile ya Pentekoste palitokea msongamano wa watu kwenye kuingia uwanjani. Mtu mmoja alifariki dunia, na wengine wapatao 30 walijeruhiwa. Nilizipata habari hizo usiku, nikiwa njiani kurudi.

Katika daftari la nne siku hiyo ina ukurasa mmoja na nusu. Nimeandika goli la Mayele la dakika ya 82, na jinsi furaha yetu ilivyodumu dakika mbili tu kabla ya Waarabu kufunga la pili. Nimeandika jua, bei ya maji na foleni ya Mbezi. Juu ya mtu aliyekufa hakuna hata neno moja. Nimeupindua ukurasa mara tatu. Hakuna.

Nakumbuka vizuri kwamba Jumanne iliyofuata, baada ya Misa, mama mmoja mzee wa jumuiya alinisubiri mlangoni. Hajawahi kuingia uwanja wa mpira maisha yake yote. Akaniuliza, “Baba, yule aliyefia mpirani Jumapili, umemtolea Misa?” Nikamjibu kwamba hata jina lake sikulijua. Akasema, “Basi mtolee bila jina. Mungu analo.” Nilimtolea. Lakini hata baada ya hapo sikurudi kwenye daftari kuandika.

Nimejiuliza imekuwaje. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliona kwamba baba yake hakula. Padri wa miaka arobaini na zaidi hakuandika kwamba mtu alikufa hatua chache kutoka alipokuwa ameketi. Nikilinganisha madaftari naona mabadiliko yaliyokuja polepole. Kadiri barabara ilivyokuwa nzuri na safari fupi, ndivyo watu walivyopungua katika kurasa zangu na matokeo yakaongezeka. Ukurasa wa Mei 2025, nilipokwenda Zanzibar nikiwa likizoni kutazama Simba na RS Berkane katika fainali ya kombe lilelile, una mistari minne. Nilipanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam kwa muda usiofika saa mbili, kisha boti. Sare ya 1-1, jumla 3-1, kombe limekwenda Morocco. Nani alikaa karibu nami katika treni? Sijui. Nilikuwa nikitazama simu.

Historia ya viwanja imejaa watu wa namna hii wasioandikwa. Aprili 2001 watu 43 walikufa katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg. Mwezi uliofuata, mjini Accra, walikufa zaidi ya 120. Januari 2022, mjini Yaoundé, walikufa wanane kwenye lango la uwanja wakati wa fainali za Afrika. Vitabu vya takwimu huhifadhi wafungaji na dakika zao. Waliotoka nyumbani asubuhi wakiwa na jezi na tiketi, wasirudi jioni, huhifadhiwa na nani, isipokuwa familia zao na wale waliosafiri nao? Kama nasi tuliokuwapo tunaandika magoli tu, basi ushahidi wetu ni nusu.

Nimechukua kalamu nikaongeza mistari miwili chini ya ukurasa ule wa Pentekoste. Nimeweka na tarehe ya leo pembeni, ili atakayesoma ajue kwamba mistari hiyo imechelewa miaka. Sikutaka ionekane kana kwamba niliikumbuka siku ileile.

Nanyi nawaombeni mambo mawili. La kwanza, wazee mliokuwapo wakati wa Mseto, njoni ofisini au mwiteni kijana mmoja awaandikie mliyoyaona: mlisafirije, mlilala wapi, nani alikuwa pamoja nanyi. La pili ni kwa vijana mnaokodi basi kila mechi kubwa inapofika. Kabla ya kuondoka, andikeni majina ya wote waliomo. Mkirudi, yasomeni tena mmoja mmoja, na kila mtu aitike. Matokeo mtayaandika baadaye.

Nawatakia juma jema lenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Paroko