Kwa nini sabuni hukosa povu katika maji ya kisima

Mkazi wa Pwani anayefua kwa maji ya kisima analifahamu vyema jambo hili: kipande cha sabuni kinakwisha, nguo zimeshika utando wa kijivujivu, na povu bado halijaonekana. Wengi huilaumu sabuni, ilhali mkosaji ni maji.

Sabuni hutengenezwa kwa kuchemsha mafuta, yawe ya nazi, ya mawese au ya mnyama, pamoja na kostiki soda. Kila molekuli yake ina umbo mfano wa kiluwiluwi: kichwa kinachopenda maji, na mkia wa atomu za kaboni, kwa kawaida kati ya 12 na 18, unaoyakwepa maji na kukimbilia mafuta.

Uchafu mwingi hung'ang'ania nguo na ngozi kwa sababu ya mafuta, nayo mafuta hayachanganyiki na maji. Sabuni inapotiwa, mikia hujichomeka katika tone la mafuta huku vichwa vikibaki nje, majini. Tone hilo huzingirwa, hung'olewa kwa kusuguliwa, kisha huchukuliwa na maji ya kusuuzia. Kwa njia iyo hiyo mikia hupasua ganda la mafuta linalofunika virusi vya korona. Ndiyo sababu mwaka wa 2020 wananchi walihimizwa kunawa mikono kwa sabuni kwa muda usiopungua sekunde 20.

Sasa turejee kisimani. Sehemu kubwa ya mwambao wa Kenya imekaa juu ya matumbawe ya kale, ambayo ni mawe ya chokaa. Maji yanayopenya humo huyeyusha kalsiamu. Madini hayo hushikamana na vichwa vya sabuni na kufanya utando usioyeyuka, ule tuuonao beseni. Mpaka kalsiamu iishe, sabuni haiwezi kufua chochote. Mfuaji huwa anayasafisha maji kwanza, kwa gharama yake.

Sabuni nyingi za unga zina vichwa vya aina nyingine, visivyonaswa kwa urahisi na kalsiamu. Maji ya mvua nayo hayana tatizo hili. Asiyekuwa na hayo anaweza kutumia magadi ya kufulia. Magadi, kama yale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado, yana kabonati ya sodiamu, ambayo huigeuza kalsiamu kuwa chembe za chokaa zinazotuama. Yatiwe majini kabla ya sabuni, wala yasitumiwe kwa nguo za sufu au hariri, kwani huziharibu.