Mtoto Mwema wa Tangazo

Machi 2007, Safaricom ilipoleta M-Pesa, tangazo lake lilikuwa na ujumbe mmoja tu: tuma pesa nyumbani. Kijana yuko mjini, mzazi yuko shambani, simu iko katikati.

Kaloleni, mtaa wa Nairobi, hapakuhitaji kuelezwa nyumbani ni wapi. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na wengi waliofungua milango yake walikuwa wameacha mama Nyanza, Magharibi au Ukambani. Mwisho wa mwezi pesa zilipitia Posta, ama zilitiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kondakta wa basi kule stendi ya Machakos, humohumo jijini, ile watu waliyoibandika jina la "Airport".

Uongo uliishi humo njiani. "Nilimpa kondakta, mama." Kondakta naye haonekani tena. Wazazi nao hawakuwa malaika: ng'ombe yuleyule aliugua kila mshahara ulipoingia. Nani angehakikisha? Heshima ilizuia maswali.

Ajabu ni kwamba mtambo wenyewe wa M-Pesa haukubuniwa kwa ajili ya mama. Majaribio ya 2005, yaliyofanywa na kampuni ya simu ya Vodafone pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, yalikuwa ya wakopaji kulipia mikopo. Watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na tangazo likafuata walikoelekea.

Mtoto wa tangazo hakudaiwa kodi wala hakusema "wiki ijayo". Nadhani ndiyo sababu alipendwa sana na wazazi, na kuwaudhi kidogo watoto wenye kodi.

Ujumbe mfupi wa M-Pesa ulikuja na jina, kiasi, saa na nambari ya muamala. Kondakta akapumzika kulaumiwa. Lawama zikahamia kwa mtandao na betri. Paybill, huduma ya kulipa bili kwa M-Pesa, nayo ikawawezesha wazazi kulipa karo moja kwa moja shuleni, pigo kwa mwanafunzi aliyezoea kuongezea vitu kwenye orodha ya mahitaji. Kisha matapeli wakaiga sauti ya mtoto: "Ile pesa tuma kwa hii namba." Tangazo lilelile, limegeuzwa ndani nje.

Leo kijana anasimama kwenye kibanda cha kijani cha wakala, anaweka pesa, anamtumia mamake mia tano, kisha anampigia. "Nimetuma zote nilizokuwa nazo." Mama anaona mia tano zimeingia. Salio lililobaki linasomeka kwenye simu ya kijana peke yake.